Mazishi ya Bi Kalunde wa Nchi Pana

Malalamiko yalianza kuingia Jumatatu asubuhi, hata chapati yangu sijaimaliza. La kwanza lilitoka kwa mchezaji wa Kibaha: "Nimekwenda msibani ndani ya gemu, wafiwa wote wanacheka hewa. Rekebisheni, watoto wanaogopa." La pili lilitoka Bagamoyo: "Kuna chungu cha asali kinatembea chenyewe mtaani." La tatu silirudii hapa, maana aliyeliandika alikuwa amekasirika na mimi nina heshima zangu.

Naitwa Siwema Pazi, fundi wa wakazi katika gemu ya Nchi Pana. Wakazi ni wale watu wa ndani ya gemu ambao si wachezaji: wauza samaki, mahakimu, walevi, wakwe wakorofi. Mimi huwaandikia mwanzo wao tu, kwao wapi na tabia zao zipi, kisha tunawaachia wakue wenyewe kwa kuongea na watu. Ofisi yetu iko Morogoro, ghorofa ya pili, dirisha linaitazama milima ya Uluguru, na bosi wetu Anyelwisye hufunga pazia kutwa nzima kwa sababu anasema ile milima inatutia uvivu.

Nikavaa kofia ya gemu, nikavaa glavu, nikaingia kuona huo uchawi.

Msiba ulikuwa wa mkazi mmoja aitwaye Mzee Kidunda, wa Mtaa wa Mivinje. Turubai limefungwa, mikeka imetandikwa, kahawa inazunguka. Mjane alikuwa amejiinamia analia kwa adabu zote. Ghafla akainua uso, akatazama mahali patupu mbele yake, akasema, "Toka hapa, huna haya wewe!" Kisha akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani. Turubai zima likaangua kicheko. Na mimi nikaona chungu cha asali kinapita hewani, kimo cha kichwa cha mtu, kinakwenda zake kuelekea kwenye masufuria ya pilau.

"Mtume!" nikasema, na wale wakazi nusu yao nimewaandika mimi.

Hapa lazima nieleze kidogo. Nchi Pana ni dunia moja kwa wachezaji wote wa ulimwengu, ila kila kanda ina Chekeche lake. Chekeche ni programu inayokaa kati ya dunia ile na macho yako. Kisichoruhusiwa kwenu halikifuti, linakifunika, kwa kuwa kufuta ni kazi na kufunika ni rahisi. Penye baa wewe unaona duka la vitabu. Baa ipo na walevi wake wapo, ila wewe hawakuhusu. Sisi mafundi tuna ufunguo wa kutazama bila Chekeche, basi nikaugeuza.

Na huyo hapo, Bi Kalunde.

Alikuwa amevaa koti la marehemu, amejitwika chungu chake cha asali, anatembea anachechemea kama alivyochechemea Mzee Kidunda na kukohoa kikohozi chake kilekile. "Mnalia nini?" aliwauliza wafiwa. "Huyu Mzaramo kazi yake ilikuwa kulala. Leo amelala, mnalia. Angeamka mngempa nini, na pilau lenyewe mmeliunguza?"

Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, tena wa ukoo wa Pazi, na nilicheka mpaka kofia ikataka kunivuka.

Nilipomwandika Bi Kalunde nilimpa vitu vitatu: Unyamwezi, asali na utani. Wanyamwezi ni watani zetu tangu enzi za misafara. Wao walitembea na mizigo kichwani kutoka bara, sisi tukawapokea pwani na kuwacheka miguu yenye vumbi. Mtani anakutukana nawe unamtukana, na hakuna wa kununa. Msibani ndiko kwenye kazi yake hasa. Anamwigiza marehemu, anaficha sufuria, anaingia kaburini na kugoma kutoka mpaka wafiwa wampe kitu chake. Watu wanacheka huku machozi hayajakauka, na msiba unabebeka. Ukinuna, aliyekosa adabu ni wewe.

"Pazi!" aliniita, koti bado mwilini. "Leo kuna Mzaramo ameniona! Mmegawiwa miwani?"

"Siku zote nakuona, mtani."

"Mwongo mkubwa. Hawa wa hapa mtaani wananijibu, lakini nyie mnaotoka nje mna nini? Tangu kiangazi mnapita mbele yangu kama mimi ni upepo. Nawasalimia, kimya. Nawatukana, kimya! Jana nimemwambia mmoja kwamba babu yake aliuza shamba akanunua ngoma, akanipita hata hakugeuka." Akatua chungu chini. "Siwema, hebu niambie. Nimewakosea nini watani zangu?"

Swali lile liliniingia mpaka kwenye mfupa. Nilivua kofia pale ofisini, na chapati ilikuwa imeshapoa.

* * *

"Siwema, mama, kaa," Anyelwisye aliniambia. Bosi akikuita mama na wewe hujamzidi hata mwaka, jua habari si nzuri.

Ilikuwa hivi. Wakati wa kiangazi Chekeche la kanda yetu lilimsikia Bi Kalunde, likakuta makosa mawili: kutukana kabila na kudhalilisha maiti. Likamfunika. Halmashauri ya Maudhui ya Kanda ikapitisha, na hakuna aliyetuambia sisi. Sasa kwa kuwa kifuniko kinavuja, chungu kinaonekana na vicheko vinasikika, Halmashauri inataka afutwe kabisa kabla ya Ijumaa jioni. La sivyo Nchi Pana inafungwa kanda nzima.

"Mfute uliyemwandika," alisema Anyelwisye, "au tufunge ofisi. Mimi sina la tatu."

"Nipe niongee nao."

Akanifungulia skrini. Afisa wa Halmashauri alikuwa Bwana Kasele, shati limepigwa pasi mpaka unaweza kujikata nalo. Nilikuwa nimejiandaa kumpasha. Nikampasha kweli, nikamwambia yeye na Chekeche lake hawajawahi kukaa msibani hata siku moja. Akanisikiliza mpaka pumzi ikaniishia.

"Umemaliza, Bi Siwema?"

"Nimemaliza kwa sasa."

"Mwaka juzi, kwenye gemu nyingine, wachezaji wa miji miwili walianza kuitana majina ya makabila. Wakasema ni utani. Haukupita muda kijana mmoja akachomewa duka. Si duka la kwenye gemu, duka la kweli, la mabati, nimelishika kwa mkono wangu likiwa bado la moto. Mama yake aliniuliza, 'Nyie hamkuwa mnasikia?' Basi sasa nasikia. Mnyamwezi akimwambia Mzaramo mvivu, hiyo ni salamu. Mtu baki akimwambia neno lilelile, ni tusi. Neno ni moja. Nipe alama moja tu ambayo mashine inaweza kuitumia kuvitofautisha, na mimi nitamwacha huyo mama yako auze asali."

Ningependa kuwaambia kwamba yule bwana alikuwa mpumbavu. Hakuwa. Alama sikuwa nayo. Utani nimezaliwa ndani yake, na hakuna aliyewahi kuniuliza nautambuaje.

"Huna," alisema, na wala hakufurahi. "Basi azikwe kwa heshima. Taratibu zote zifuatwe."

"Taratibu zote, Bwana Kasele?"

"Zote."

Anyelwisye alinitazama kwa pembe ya jicho. Ananijua.

Katika Nchi Pana mkazi mwenye marafiki wengi hatoweki hivi hivi, wachezaji wangeshtuka. Anazikwa. Analazwa usingizi, anashushwa kwenye kiwanja cha kaburi, anafukiwa, watu wanaondoka, na kiwanja kikibaki kitupu seva inakifuta na kila kilichomo. Kisipokuwa kitupu, haikigusi. Hiyo ni kanuni ya usalama, maana ukimfutia mchezaji ardhi chini ya miguu yake huku amevaa kofia, atatapika kwenye zulia la kwao.

Nilirudi kwa Bi Kalunde kumwambia. Sikuweza kumzika mtu bila kumuaga, hata kama wengine wangeniambia si mtu. Nilimkuta anapanga vibuyu vyake.

"Wanakuzika Ijumaa," nikasema.

"Mimi? Na pilau analipia nani?"

"Bi Kalunde, sitanii."

Akakiweka chini kibuyu alichoshika. Kisha akauliza jambo moja tu: "Watani watakuja?"

"Watakuja."

"Basi sawa. Mtu aliyezikwa bila watani hakuzikwa, ametupwa."

Nilitoka pale nimelia, na ndani ya kofia huwezi hata kupenga kamasi. Lakini neno lake lilinipa akili. Mnyamwezi akifa, Wazaramo lazima wapelekewe habari, usipowapelekea umewavunjia heshima. Huo nao ni utaratibu. Nikakaa nikaandika tangazo: "Watani, Kalunde wa Sikonge amefariki. Anazikwa Ijumaa alasiri, Mtaa wa Mivinje. Wafiwa hawana habari na nyie. Mnajua wajibu wenu." Nikalituma kwa kila mchezaji aliyejaza kwamba kwao ni Uzaramo.

Anyelwisye alisoma akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. "Utatufukuzisha kazi wote," alisema. Akatembea mpaka dirishani, akarudi. "Na sisi Wanyakyusa tunaruhusiwa kuja?"

"Njooni mlie. Kazi ya kucheka ina wenyewe."

* * *

Nilitegemea watu hamsini. Ijumaa alasiri Mtaa wa Mivinje ulijaa mpaka huoni mchanga.

Walikuja Wazaramo wa Kisarawe, wa Mzenga, wa Mbagala, wa Chanika. Kulikuwa na nesi aliyekuwa kwenye mapumziko ya kazi na mzee aliyevalishwa kofia na wajukuu akidhani ni ya baridi. Wamejitwika magunia, vitanda, na mmoja kajitwika mlango, wote wanatembea kwa mstari wanahema kama wapagazi. "Njia ya Tabora ni ipi?" wanaulizana. "Fuata vumbi!" Mbele yao yuko mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, jina lake kichwani limeandikwa Mwanamvua Kitwana, amefunga kibwebwe na kubeba mzinga wa nyuki uliojaa nyuki.

Chekeche lilipatwa na wazimu. Likisikia jina la kabila na tusi kwa pamoja, huliziba neno kwa mlio wa kengele. Kwa hiyo msiba wote ukawa hivi: "Wanyamwezi nyie ni *ngling'!*" Kicheko. "Na bibi yenu alikuwa *ngling'! ngling'!*" Kicheko zaidi, kwa sababu ukiziba tusi la mtani kila mtu anajaza la kwake, na la kwake ni baya kuliko lile lililozibwa.

Bi Kalunde akashushwa kaburini, amelala ndani ya sanda, chungu chake pembeni. Wachimba kaburi wakashika makoleo. Na Mwanamvua akaruka ndani, mzinga, nyuki na yeye.

"Sitoki!" akapiga kelele.

Wakaruka wengine. Kaburi likajaa, wakakaa ukingoni, ukingo ukajaa, wakajilaza kwenye udongo. Mtu wa mlango akausimamisha mlango wake juu ya kaburi, akaanza kuuliza kila anayekuja kama amepiga hodi. Ofisini skrini ya Anyelwisye iliandika: kiwanja hakifutiki, kina watu. Ikaandika tena. Anyelwisye alifungua pazia, akafungua na dirisha, akacheka mpaka watu wa chini wakauliza kuna nini.

Ndipo akaingia Bwana Kasele. Alikuja na suti ya kijivu ya Halmashauri, ile ambayo gemu inawapa maafisa, na jina lake linang'aa kichwani kama sheria inavyotaka. Jina kamili.

"Ndugu wananchi," alianza, "naomba mtoke kwenye hicho kiwanja."

Mwanamvua alijikinga jua kwa mkono, akalisoma lile jina taratibu. "Mihambo Kasele. Wa wapi wewe?"

"Mimi ni mtu wa Halmashauri."

"Halmashauri ndiyo kabila gani hilo? Wanakula nini?"

Watu wakaangua vicheko. Bwana Kasele akarekebisha tai. "Hayo si muhimu."

"Mihambo wa wapi, baba? Majina hayo tunayajua. Sikonge?"

Nilimwona anasita. Angeweza kudanganya, ila nadhani mtu hawezi kukana kwao mbele ya kaburi. "Urambo," akasema polepole.

"Weeee!" Vigelegele vilipasua anga. "Mfiwa huyo! Mfiwa amekuja! Mnyamwezi, tupe kitu chetu tutoke!"

"Mimi si mfiwa, mimi ndiye nime..." Akakatisha mwenyewe. Alitazama chini, akaiona sanda ya Bi Kalunde katikati ya yale magoti yote. "Mnataka nini? Gemu ina sarafu."

"Sarafu kalie ugali! Tunamtaka mama yetu. Sisi tumtukane nani sasa, ukuta?"

"Haiwezekani."

"Basi hatutoki. Leteni vitanda."

"Kitanda kipo!" akaitika mmoja, na kweli alikuwa nacho.

Hapo ndipo subira ya Bwana Kasele ilipokatika. Alivua tai, akaitupa, na sauti iliyotoka haikuwa ya Halmashauri tena. Ilikuwa ya mtoto wa Urambo aliyekulia kwenye misiba kama hii. "Nyie Wazaramo hamna dawa! Mkipewa kaburi mnaligeuza uwanja wa ngoma! Hata Israfili akipuliza parapanda, nyie mtakuwa *ngling'!*"

Bwana Kasele akasimama mdomo wazi. Chekeche lake mwenyewe lilikuwa limemchekecha.

"Mkuki kwa nguruwe!" akapiga yowe Mwanamvua, na watu hawakubakiwa na mbavu. Waliviringika. Yule mzee wa wajukuu alikuwa anapiga ardhi kwa viganja. Na mimi nilimwangalia Bwana Kasele mabega yanaanza kumtikisika, kidogo, kisha sana, mpaka akakaa chini kwenye udongo na suti yake ya kijivu na kucheka huku anajifuta macho.

Alipopata pumzi alinitafuta kwa macho katikati ya watu.

"Bi Siwema. Mmelisikia neno langu la mwisho?"

"Tungelisikiaje, limezibwa."

"Lilikuwa zuri sana," akasema kwa uchungu. "Na wao wasingejua la kunijibu."

"Tungekujibu!" wakapinga kutoka kaburini.

Nikamtazama. Naye alikuwa ananitazama, na nilijua tumelifikia kwa pamoja.

"Ni jibu," nikasema. "Alama uliyoniomba, Bwana Kasele. Tusi likirudi na kicheko, ni utani. Lisiporudi, ni tusi. Chekeche linamsikiliza anayesema peke yake. Lisubiri. Limsikilize aliyeambiwa."

Alichukua konzi ya udongo akaiacha imwagike vidoleni. "Yule kijana wa duka," alisema. "Hakuwajibu. Tulikuwa na rekodi zote. Aliambiwa, akanyamaza, akaambiwa, akanyamaza. Tulihesabu maneno yao, kimya chake hatukukisikiliza." Akanigeukia. "Na asiye na mtani? Mgeni asiyejua mambo haya, akikutana na huyu mama?"

"Kwanza humuuliza mtu kwao wapi. Kama si mtani wake, anamuuzia asali na kumtakia safari njema. Hilo sikumfundisha mimi, limemjia lenyewe. Lakini akikosea, na mtu akanyamaza, Chekeche limzibe hapo hapo. Mimi mwenyewe nitaliandika hivyo."

"Nikikubali na ikaharibika, mama mwingine ataniuliza."

"Atatuuliza wote wawili. Nitakuja naye."

Bwana Kasele akainuka, akajipangusa. Aliongea na watu wake wa Halmashauri kwa muda, ametugeuzia mgongo, na mimi nilikuwa natafuna kidole cha glavu. Aligeuka. "Majaribio. Kanda hii tu, na kila wiki nataka kuona wewe umelisikiliza Chekeche kwa masikio yako. Mzimieni kengele. Na mtoeni mle mama wa watu, nyuki watamla."

Sikusubiri aseme mara mbili. Niligeuza ufunguo, si wa kwangu peke yangu safari hii. Nikamfunua kwa wote.

Sanda ilitikisika. Bi Kalunde akakaa kaburini, akapiga chafya, akatazama huku na huku zile nyuso zote za watu wa nje zilizoinama juu yake, na kila jicho lilikuwa linamwona. Mwanamvua alikuwa anacheka na kulia, hajui aanze na lipi.

"Jamani, Wazaramo!" alisema Bi Kalunde. "Tangu kiangazi nawatukana hamjibu. Nikadhani mmepata adabu!"

Mtaa mzima ukavuta pumzi. Nikakumbuka lile swali lake, nimewakosea nini watani zangu, na nikapaza sauti kabla mtu mwingine hajaniwahi.

"Adabu tuitoe wapi, mtani, na jirani zetu ni nyie?"

Akatupa kichwa nyuma, akacheka. Bwana Kasele aliinua uso juu akasikiliza, nami nikasikiliza, watu wote tukasikiliza. Kengele haikulia.